Taa Mbili za Raafiu, na Kamera Hakuna

Raafiu alianza kuwaogopa wageni siku walipoacha kuuliza habari za papa.

Kwa miaka kumi na tisa ya kuwazamisha watu baharini wakatazame samaki, hapa kisiwani Hirundhoo, swali la kwanza la mgeni lilikuwa lile lile: papa wapo? Naye jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. "Wapo, lakini leo wameshakula Mjerumani." Wageni walicheka, Wajerumani walicheka baada ya kutafsiriwa, na safari ilianza kwa heri. Siku hizi mgeni anashuka botini, hata begi hajalitua, anauliza, "Video je? Tutapewa video?"

Raafiu video hana. Ana macho mawili, ana vidole kumi vya kuonyeshea ishara chini ya maji, na anajua kila tundu analolala kila mkunga. Lakini vidole huwezi kuvituma kwa mama yako aliyeko Warsaw.

Mwenye video alikuwa Shimaal. Kijana wa miaka ishirini na sita, nywele zimepakwa mafuta hadi zinang'aa, kamera yake kubwa kama sufuria ya wali. Mbali na hiyo alikuwa na kile kidude cha kuruka angani, akikirusha juu ya nyua za watu wanawake wakianika nguo, mpaka siku moja mama mmoja alikikosakosa kwa kifuu cha nazi. Kisiwa kizima kilisikitika kwamba alikikosa.

Basi Sobira, mwenye gesti aliyewaajiri wote wawili, alimwita Raafiu nyuma ya jiko. Sobira si mwanamke mbaya, ila maneno yake huja bila sukari.

"Raafiu, mimi na wewe hatufichani. Msimu huu siwezi kulipa mishahara miwili. Jumamosi wanakuja wageni saba, wiki nzima. Siku ya kuondoka nitawauliza mmoja mmoja: mkirudi, mngependa kuzamishwa na nani? Atakayetajwa zaidi anabaki."

"Na mwingine?"

"Mwingine Mungu atamfungulia mlango."

"Dada Sobira, nina miaka hamsini na mbili. Mlango gani huo, wa kaburi?"

"Usinililie miye. Tafuta kamera."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kwa mzamiaji huo si msemo tu. Kuvua jodari hawezi tena, mgongo umekataa. Kazi nyingine hajui.

Nyumbani mkewe Zuhudha alikuwa anakunja keemia, vile vitafunio vya samaki vya kukaanga, za kuuza hotelini, mikono imejaa unga. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanawa, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Rufiyaa elfu tisa na mia tano, akiba ya mashine ya kufulia.

"Chukua," alisema. "Nimefua kwa mkono miaka ishirini na sita, mwezi mmoja zaidi hautaniua. Lakini ukirudi hapa bila kamera, baba Ziyan, utafua wewe. Na mashuka pia."

Kesho yake Raafiu akapanda boti ya kwenda Male, mji mkuu. Huko ana rafiki, Latheef, waliyevua naye chombo kimoja ujanani. Latheef aliacha bahari mapema, akafungua duka la ndoano na nyavu, na sasa kwenye makabati ya vioo amepanga kamera za majini, kana kwamba kamera na ndoano ni ndugu.

"Una rufiyaa ngapi?" Latheef akauliza, hata chai haijamiminwa. Akaambiwa. Akapuliza. "Elfu tisa na nusu. Basi tusidanganyane. Hii kubwa, isahau. Kasha lake tu, lile la kuzuia maji, linakula pesa yako yote na kukudai nauli ya kurudi. Hii ya mkono wa pili, nayo kubwa kidogo, lakini ukiziba vibaya mpira wake mara moja, umenunua jiwe. Hii ndogo hapa, saizi ya kiberiti, elfu sita na nusu. Inashuka mita sitini na kasha lake. Hiyo ndiyo yako."

"Basi nipe."

"Ngoja, una haraka ya nini? Shida si kamera. Shida ni bahari. Ukishuka mita tano nyekundu imekwenda. Mita kumi, rangi ya chungwa nayo kwaheri. Ukiendelea, kila kitu buluu, samaki buluu, mgeni buluu, mpaka mtu anadhani amezama bafuni. Tazama."

Akamwekea video mbili kwenye simu. Ya kwanza ilipigwa kwa kamera ya bei mbaya, bila taa: buluu tupu, kama kuchungulia ndani ya chupa ya wino. Ya pili ilipigwa kwa ile ndogo ya kiberiti, na taa mbili pembeni: matumbawe mekundu, ya zambarau, ya rangi ya papai lililoiva. Raafiu alisogeza simu karibu na pua.

"Umeona?" Latheef alisema. "Mwanga kwanza, kamera baadaye. Usisahau hilo neno."

Hapo adhana ya alasiri ikalia, duka likafungwa, Latheef akaenda msikitini. Raafiu naye alisali, akawahi kutoka, akakaa kwenye ngazi za duka akiwaza. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu aliyevua miaka kumi na tano hawazi kama watu wengine. Aliikumbuka kazi ya usiku ya kuvua dagaa wa chambo. Mlikuwa mnafika kwenye mwamba, mnatanguliza taa majini, mnangoja. Dagaa wanakuja wenyewe. Bila taa, wavu wako uwe wa dhahabu, unavua maji. Mwanga kwanza, wavu baadaye. Latheef amesema kitu kile kile! Kamera yenye video mbaya ni ya bei mbaya, kamera yenye video nzuri ni ya bei rahisi, kwa hiyo kamera si kitu. Aliichambua hesabu hiyo mara tatu, kila mara ikatoka sawa.

Duka likafunguliwa.

"Nipe taa mbili," alisema. "Zile kubwa. Na mkono wake wa kushikia."

"Mbili ni elfu nane na mia nane. Na kamera?"

"Kamera baadaye. Si umesema?"

Latheef alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hatanii akakaa chini. "Raafiu. Nilisema usisahau taa. Sikusema usahau kamera!"

"Tulipokuwa tunatafuta chambo, tulitanguliza nini, taa au wavu?"

"Taa."

"Basi."

"Basi nini, we mtu? Wavu tulikuwa nao chomboni!"

Lakini kichwa cha Raafiu kikishafunga, hata fundi kufuli hakifungui. Alirudi na taa mbili kubwa kama magunzi manene, zimefungwa kwenye mkono wa chuma, na katikati, pale inapokaa kamera, pakavu.

Zuhudha alifungua kasha. Akatoa taa moja. Akatoa ya pili. Akaligeuza kasha, akalitikisa.

"Kamera iko wapi?"

"Mwezi ujao."

"Na wageni wanakuja lini?"

"Jumamosi."

Sikwambii aliyoyasema Zuhudha, maana mengine yalimhusu mama mkwe, na marehemu hasemwi. Nikwambie tu kwamba asubuhi yake Raafiu alionekana uani na beseni, mashuka hadi viwikoni, na majirani walikuja kumi kuazima chumvi.

Jioni akataka kujua kama taa zinavuja. Akazitumbukiza kwenye tangi la maji ya mvua, akaziwasha. Tangi lote likawaka kama mwezi umeangukia humo, watu wakatoka nje.

"Baba Ziyan!" Zuhudha alipiga ukelele. "Hayo ni maji ya chai!"

Shimaal naye alikuwepo, kidude chake mkononi. "Kaka Raafiu, umenunua taa? Ya kuwaka au samaki?"

"Ya kuwaka."

"Sasa kamera utashika ya nani? Au wageni utawachorea?"

Watu walicheka. Raafiu naye alicheka, ila usiku ule hakula. Ndipo ilipomwingia akilini kwamba Latheef alikuwa na haki, kwamba wavu walikuwa nao chomboni. Alijiona mjinga kamili, na hakuwa na wa kumlaumu.

Wageni saba walifika Jumamosi. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Poland, bibi Halina, mwili mdogo, sauti ya paredi. Siku mbili za kwanza Shimaal aliongoza na sufuria yake, Raafiu akifuata mkiani kuchunga wasipotee, taa zimening'inia kiunoni bila kuwashwa, kwa aibu. Jioni Shimaal aliwaonyesha video. Buluu. Wageni walishukuru kwa adabu.

Siku ya tatu walishuka kwenye ukuta wa mashariki, mita kumi na mbili, pale mwamba unapojikunja na kuwa kama baraza lenye paa. Shimaal alitangulia akipiga picha giza. Bibi Halina alibaki nyuma, kajikamera kake kadogo mkononi, anachungulia tundu moja, anatikisa kichwa, anachungulia tena. Raafiu alimwonea huruma. Mzee wa watu ametoka mbali, angalau aone. Akazitoa taa, akaziwasha zote mbili, akazielekeza juu darini.

Dari ikalipuka. Nyekundu ya pilipili, njano ya embe, chungwa, zambarau, matumbawe laini yananing'inia kama nguo za sikukuu dukani, na katikati yake samaki wadogo wekundu mia wamesimama wameduwaa. Bibi Halina alipiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia. Raafiu alisikia.

Na Raafiu mwenyewe? Kitochi chake cha miaka yote, kile cha kumulikia mikunga, kilikuwa kinaonyesha doa moja jekundu hapa, moja pale, ukubwa wa sarafu. Ukuta mzima hakuwahi kuuona. Miaka kumi na tisa ameleta watu hapa akiwaambia ni ukuta wa kijivu lakini una mikunga mizuri! Alilia humo ndani ya miwani ya kuzamia, na machozi ya humo hayana pa kwenda.

Alipogeuka aliwakuta wageni wote sita waliozamia wamerudi, na, Mungu si Athumani, kila mmoja ana kamera. Nyingine ndogo, nyingine simu ndani ya mfuko wa plastiki, lakini kila mmoja anayo. Nyavu tele. Kilichokosekana ni taa. Akawa anamulika tundu moja baada ya jingine, maana anazijua zote: hapa mkunga, hapa kamba wa rangi, hapa pweza asiyependa wageni. Wao wanajipanga nyuma yake, wanapiga.

Mara kitu kikamvuta kiatu cha kuogelea. Shimaal. Anaonyesha kwa kidole: nimulikie na mimi hapa. Raafiu akamwonyesha kiganja: subiri. Akammulikia kwanza bibi Halina, halafu mume na mke wa Korea, halafu, hewa ikiwa imebaki ya kupandia tu, akammulikia kijana. Si mtu wa kinyongo, ila foleni ni foleni.

Botini kelele zilikuwa kama za harusini. Simu zinapita mkono kwa mkono. "Nyekundu! Tazama, nyekundu!"

"Kaka Raafiu," Shimaal alisema chinichini, "kesho uwe upande wangu bwana."

"Mwanangu, kamuulize bibi Halina. Ameshanishika kesho, na kesho kutwa."

Siku ya kuondoka Sobira aliwauliza mmoja mmoja, kalamu mkononi. Sita hata jina hawakulikumbuka vizuri, walisema tu, "Yule mwenye taa." Wa saba alikuwa ametapika wiki nzima asiguse maji, akamtaja mpishi.

Sobira akafunga daftari. "Kamera kila mtu anakuja nayo," alisema, kama anajilaumu. "Raafiu, mshahara wako upo. Shimaal, video zako utawauzia wageni mwenyewe, na ukitaka zipendeze, mheshimu mzee."

Raafiu alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, akitafuta namna ya kulisema bila kujisifu sana. Zuhudha alikuwa uani, mikono kwenye beseni.

"Umebaki au umefukuzwa?"

"Nimebaki."

Alitegemea kicheko, au tusi. Zuhudha aliketi pale pale chini, juu ya nguo zilizolowa, akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, mabega yanaruka. Wiki nzima amemcheka na majirani, amemfulisha mashuka, amempigia kelele za tangi, na Raafiu hakujua kwamba mkewe alikuwa akiogopa kuliko yeye. Akachutama, akamshika mkono wenye povu.

"Usiku nilikuwa nikihesabu," Zuhudha alisema, akijifuta. "Mchele wa miezi mingapi tunao. Kila usiku nikihesabu, nawe unakoroma."

"Sikuwa nakoroma," Raafiu alisema. "Nilikuwa najifanya, ili usijue kwamba silali."