Nilichagua cichlid kwa jicho la mnunuzi wa sato, kidogo ninyang'anywe tanki

Wakuu, habari za wikiendi.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimejitokeza. Haya yamenitokea mwenyewe, hapahapa Mwanza, sebuleni kwangu. Ukifika mahali ukaona nilikuwa mjinga, usidhani nimetia chumvi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Nikirudi kutoka kazini, nimerudi. Mpira naangalia kwangu, harusi nachangia na siendi. Mke wangu, mama Kulwa, aliwahi kuniambia kwamba wageni wakija wananihesabu pamoja na makochi.

Sasa mtu wa hivyo akishaanza kuangalia video za aquarium, yaani matanki ya samaki, kwenye simu, amekwisha.

Nikaenda kwa fundi vioo Igoma, akanitengenezea tanki la futi nne. Nilipolifikisha nyumbani mama Kulwa alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Baba Kulwa, hili si kabati la maandazi kabisa hili?"

Yeye huuza maandazi getini asubuhi. Anayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, mteja haoni kitu mpaka afunuliwe. Kabati la kioo analitamani tangu zamani.

"Ni la samaki," nikamwambia.

"Haya. Wakikushinda, ni la maandazi."

Hakucheka. Kuanzia siku hiyo nikawa nafuga samaki huku kuna mtu anasubiri tanki.

Nilitaka cichlid. Kwa wasiojua, huo ni ukoo mkubwa wa samaki, na sato wetu yumo. Furu pia yumo, yule yule tunayemfanya chambo na kumwanika juani. Nasikia huko nje kuna watu wanamfuga kwenye vioo na kumpigia picha kama bibi harusi. Sisi tukimwona tunawaza ugali.

Mimi niliwalenga wa saizi ya kati, wanaoishia kama kiganja hivi. Oscar, cichlid mwingine mkubwa, nilimwogopa. Angekua mpaka tanki langu alivae kama shati.

Nyegezi kuna jamaa anaitwa Masanja, huletewa samaki wa mapambo kutoka Dar kwa basi, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Nikamwendea.

Hapo ndipo Umwanza uliponiponza, wakuu. Ukikulia huku, kuchagua samaki hufundishwi. Unaangalia tumbo, unaangalia macho, anayerukaruka kuliko wenzake ndiye wako. Nikasimama mbele ya matanki ya watu nikafanya vilevile.

"Nipe hao wa milia, yule mnene na yule anayewafukuza wenzake. Huyo ana nguvu."

Masanja akaniangalia. "Mkuu, unaenda kupika?"

"Nafuga bwana."

"Mbona unanunua kama uko soko la mwaloni? Karibu ufunue mashavu uone kama ni wa leo."

Nikacheka, nikamwambia afunge. Nikaondoka na hao wawili wa milia, wanaitwa convict, pamoja na firemouth mmoja mwenye koo jekundu.

Mwanzoni amani tupu. Huyo firemouth akimwona mtu anavimba koo, anatanua mashavu, unadhani atapasua kioo. Halafu hafanyi chochote. Mama Kulwa akambatiza Balozi. Akasema huyo ni balozi wetu wa nyumba kumi mtupu, kelele nyingi, kesi hakuna anayoimaliza.

Mimi nikaona hiyo ni dalili njema. Mtu ukishampa samaki jina, maandazi si unayasahau?

Wapi.

Yule convict mnene, unene wake niliousifia ulikuwa mayai. Na yule mwenye nguvu alikuwa mumewe. Wakakikalia chungu nilichokuwa nimekilaza pembeni, wakataga, na kuanzia hapo tanki likawa la kwao. Balozi akasukumwa mpaka kona ya pampu. Mkia ukachanika. Chakula akawa anakitazama tu.

Asubuhi moja nikamkuta mama Kulwa mbele ya tanki na futi kamba.

"Unapima nini?"

"Napima tu. Yataingia mistari mitatu."

Jumamosi nikavuta kiti, nikakaa kuwaangalia mchana kutwa. Kukaa ndiyo kazi ninayoiweza.

Nikagundua kitu. Hawakuwa wanagombania chakula, maana waliacha kula ili wamfukuze Balozi. Ila walimfukuza mpaka kwenye jiwe moja jeusi tu. Akivuka hilo jiwe anagongwa, akirudi nyuma kidogo wanamwacha. Nikaingiza mkono, nikalisogeza jiwe kuelekea kwao. Mkono wenyewe ulidonolewa, lakini walipotulia, mpaka wao ulikuwa umehama na jiwe!

Aisee, nilisimama peke yangu sebuleni.

Ni kama nyumba ya kupanga. Mpangaji wa kwanza huona kamba ya kuanikia ni yake, na hakuna aliyemwandikia. Na hawa wangu walikuwa na watoto juu. Futi nne hazikuwatosha wao na jirani.

Nikampigia Masanja. Akawachukua convict na watoto wao wote, akanibadilishia na blue acara wawili, samaki wapole wa saizi ileile. Safari hii nilichagua wadogo wembamba. Roho iliniuma, nilijiona kama nimeibiwa.

Kabla ya kuwaingiza nikang'oa mawe yote na kuyapanga upya, vyungu nikaviongeza, ili hata Balozi ajione mgeni. Pasiwe na mwenye nyumba.

Kesho yake mama Kulwa alirudi kutoka kanisani akamkuta Balozi katikati ya tanki, koo limevimba, anawatisha acara. Acara wakamwangalia, wakaendelea kuokota kwenye mchanga. Baadaye akala.

Jirani aliyekuja kufuata maandazi akachungulia. "Mama Kulwa, hawa mnawala lini?"

"Huyo mwekundu haliwi. Wengine sijaamua."

Halafu akanigeukia. "Kabati langu utaniagizia kwa fundi huyohuyo."

Nimeagiza, wakuu.

Nilichojifunza: cichlid wa kufuga usimchague kwa jicho la kikaango. Uliza tabia yake kwanza, uliza akitaga anakuwaje, chukua wadogo wanaolingana, na maficho yazidi idadi ya samaki. Na wakikushinda warudishe kwa muuzaji. Usiende kuwamwaga ziwani. Ziwa letu lilishaletewa mgeni mmoja, sangara, na furu ndio waliolipa kwa kuliwa.

Sasa kilichonileta hasa. Jana mama Kulwa alivuta kiti changu, akakaa mbele ya tanki. Kisha akauliza, "Hivi hawa wanalala? Mbona macho hawafumbi?"

Nikamwambia nitauliza wataalamu.

Wenye uzoefu shukeni na majibu, yeye kakaa hapa anasubiri. Mimi nimesimama.