Kaza kwa Vidole

Mume wangu alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko upande wa Bulyanhulu. Siku moja alipokuwa akiwasha injini, hendeli ilirudi kwa nguvu ikampiga mdomoni. Meno manne ya mbele, ya chini, yakang'oka. Mwenye karasha aliona aibu, akagharamia apandikizwe mengine: vyuma viwili ndani ya mfupa wa taya, na juu yake meno manne yaliyoungana, yamefungwa kwa skrubu mbili ndogo kama za miwani.

Meno yale hayakutulia. Skrubu ililegea, waliomfungia wakaikaza, ikalegea tena. Akiyagusa kwa ulimi yanacheza. Ndipo alipoanza kuziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, na wenzake wakawa wanamwita bibi harusi. Mwishowe akafanya wanavyofanya mafundi wa karasha kwa bolti inayolegezwa na mtikisiko: akachomoa uzi wa kiroba, akauzungusha kwenye skrubu, akakaza kwa bisibisi ya fundi simu. Ikashika. Baadaye uzi ukanasa makombo yakaoza mle ndani, fizi ikavimba, na mimi niliyelala naye najua kinywa chake kilivyonuka.

Daktari wa Shinyanga mjini, tuliyemwendea mwisho, hakumcheka. Aliyafungua meno, akautoa ule uzi kwa koleo dogo, akauweka juu ya pamba, akasema skrubu haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye chapa ya kwanza ya kinywa, ule udongo laini unaobanwa juu ya meno ili uchukue umbo lake. Vile vijiti viwili vinavyofungwa juu ya vyuma wakati wa kuchukua chapa havikuunganishwa, vikasogea kidogo ndani ya ule udongo laini, na meno yakatengenezwa kufuata mahali ambapo vyuma havipo. Ukiyafunga, yanajivuta, na kila akitafuna yanaisukuma skrubu itoke. Mume wangu alielewa upesi kuliko mimi. Alisema ni kama karasha iliyofungwa kwenye msingi uliopinda.

Safari hii daktari aliviunganisha vijiti kwa plastiki ngumu, akangoja ikauke, ndipo akaingiza kinywani trei yenye udongo wa zambarau. Mume wangu alikaa kinywa wazi, mate yakimtiririka, akijitahidi asikohoe. Meno ya zamani hakurudishiwa. Kikohozi chake kilikuwa cha vumbi la mawe, nacho kilianza zamani, kabla ya habari za meno. Tukiwa kwenye basi la kurudi, tunapita Isaka, aliniambia, "Nikifa kabla hayajaja, usinizike kibogoyo."

Nikamwambia aache maneno hayo.

Kifua kilimmaliza kabla meno hayajaja.

Nilikuwa nimekaa mkekani, nyumbani kwetu Nyasubi, na mwili uko mochwari ukingoja kupelekwa kesho yake kwao Bukombe, simu ya mume wangu ilipoita. Aliyepiga alikuwa fundi wa meno wa kule kliniki ya Shinyanga. Alisema meno yako tayari, mgonjwa aje afungiwe. Nilipomweleza kuwa mgonjwa amefariki, akasema basi meno yapo tu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alisema mjane haachi mkeka. Sikubishana naye. Nilimweleza tu maneno ya kaka yake kwenye basi. Akalia, halafu akanivulia kanga yake.

"Nenda. Lakini jifunike."

Huko Shinyanga, fundi aliniletea meno yakiwa juu ya plasta iliyomiminwa kwenye ile chapa. Ile plasta ilikuwa taya la mume wangu, jeupe, hata jino lake moja la pembeni lililokuwa limeegemea jingine lilikuwepo. Nililishika. Fundi akanipa kibisibisi na kunionyesha namna ya kufunga. Nikamwuliza nitajuaje kama nimekaza vya kutosha, maana daktari alikuwa akitumia spana yenye kipimo. Akainamisha kichwa.

"Kaza kwa vidole tu, mama. Hatatafuna."

Niliporudi nilipitia mochwari, na mhudumu alikubali baada ya kumsihi. "Fanya upesi, mayu," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao, akafungua kitambaa kilichofunga kidevu, akalishika taya. Niliyaweka meno. Hayakuinuka upande wowote. Skrubu ziliingia bila ubishi, kwanza moja, kisha ya pili. Nikayasukuma kwa kidole, mbele na nyuma. Hayakucheza hata kidogo. Mhudumu akafunga kitambaa.

Kesho yake, Bukombe, watu walipita kuaga. Mdomo ulikuwa umefumbwa, na hakuna aliyeyaona meno. Mtani wake, binamu yake wa upande wa mama, alivaa koti la kazi la marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akijifanya ndiye, kama watani wafanyavyo msibani, anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alimwiga sawasawa. Watu walicheka, wifi naye akacheka huku akilia.

Nilitaka kumwambia autoe mkono.