Fundi wa majina yaliyobanduka

Saa mbili asubuhi, Rosalind Tedesco anavaa glavu nyeupe, anatandaza kitambaa mezani na kuanza kuokota herufi. Moja imeanguka kabisa. Nyingine inaning'inia kwa ncha.

"Gundi hii," analalamika. "Lakini utawalaumu waliobandika? Leo wanazika, kesho wanazika tena. Nani angepata muda wa kukaa chini ashone?"

Rosalind, mwenye umri wa miaka 68, ni fundi katika karakana moja ya San Francisco inayotunza vitambaa vya kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa kwa Ukimwi. Kila kimoja kina upana wa futi tatu na urefu wa futi sita, kipimo cha kaburi. Vingi vilitengenezwa na mama, wapenzi na majirani, enzi ambazo ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona na baadhi ya nyumba za maziko zilikataa kupokea maiti. Vikatandazwa kwenye nyasi za Washington, majina yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine.

Sasa gundi ya miaka ile imekauka, na majina yanabanduka. Kazi ya Rosalind ni kuyashona upya.

"Huyu mama yake alimwekea koti zima la ngozi," anasema akinyanyua kitambaa kilichochanika. "Zito mno. Utamwambia nini mzazi? Unashona tu."

Teo Arriaga, fundi wa meza ya pili, haachi kumtania. "Dada Roz huyu anaongea na marehemu kuliko anavyoongea na sisi."

"Wao hawanijibu ovyo," anarudishiwa.

Kicheko kinaisha anapofika rafu ya chini. Hapo kipo kitambaa cha buluu chenye neno moja tu: Vince. Ni mdogo wake, mwoka mikate, aliyefariki mwaka 1989 akiwa na miaka 31. Rosalind alikitengeneza mwenyewe katika gereji ya wazazi wao mjini Stockton.

"Baba alikuwa na duka la kushona viatu, akaogopa wateja watakimbia," anasimulia. "Mama akaniambia, 'Weka Vince, basi. Jina la ukoo liache. Niahidi.' Nikaahidi. Nilikuwa nalia, ningeahidi chochote."

Baba alikufa bila kumtaja tena mwanawe. Rosalind akaacha kazi ya kushona magauni ya harusi, iliyomlipa karibu mara mbili, akaja hapa kushona majina kamili ya watoto wa watu. La mdogo wake hakuligusa.

Mama yake, Assunta, sasa ana miaka 94 na kumbukumbu zinamtoka. Miezi michache iliyopita, Jumapili ambayo karakana hufunguliwa kwa familia, Rosalind alimleta kwa mara ya kwanza kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia. Bibi akakipapasa kile kitambaa, kisha akageuka.

"Mbona hana jina la baba yake? Kwani mwanangu aliokotwa?"

Akakigonga kitambaa kwa kidole.

"Nauliza! Nani kamnyima?"

"Ni mimi, mama. Nilisahau."

"Ulisahau? Mdogo wako wa pekee? Huna haya wewe!"

Rosalind anacheka akisimulia, kisha macho yanamjaa machozi. "Iliniuma," anasema, "iliniuma sana."

"Teo alitaka nimwambie ukweli. Nikamwambie ili iweje? Alie kutwa nzima, kesho aamke hajui alikuwa analilia nini?"

Tangu siku hiyo bibi huja kila Jumapili. Kila Jumapili huuliza upya, na kila Jumapili binti yake hukubali kosa na kugombezwa.

Lakini tangu siku hiyo pia, Rosalind anajiona amefunguliwa kutoka kwenye ahadi yake. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakitoka, yeye hukata herufi za jina la ukoo kutoka kwenye aproni ya kazi ya marehemu baba yake na kuzishona kwa mkono. Vidole vimevimba kwa baridi yabisi, na kitambaa cha aproni ni kigumu. Amefika nusu.

Mwezi Juni vitambaa vitatandazwa tena bustanini na majina yatasomwa. Ameombwa awe mmoja wa wasomaji, na amekubali. Hata hivyo, anasema siyo hilo linalomkosesha chakula cha mchana.

"Nataka Jumapili moja mama aje, akiangalie, akose cha kuuliza."