Kiraka cha Walburga

Wiki ile Walburga Haule hakutulia. Akiketi, goti lilimtikisika. Akisimama, alirudi kwenye kompyuta kuangalia kama amejibiwa. Alikuwa anahamia Mbeya kuanza kazi, na baba yake, Mzee Kajetani, angebaki Mjimwema na shangazi Notburga, ambaye kompyuta aliijua kwa kuifuta vumbi tu.

Mzee Kajetani alikuwa mwalimu maisha yake yote, kisha macho yakazimika. Mmonaki mmoja wa abasia ya Hanga, mwanafunzi wake wa zamani, akamtafutia kifaa cha nukta nundu: ubao mwembamba unaochomekwa kwenye kompyuta, wenye pini ndogo zinazopanda na kushuka chini ya vidole. Magazeti, masomo ya misa, barua za watu, vyote akavisoma mwenyewe. Lakini kompyuta ikilala kisha ikaamka, kifaa kilikufa ganzi.

Walburga alisomea kuandika programu. Aliikuta kasoro ndani ya programu inayokiendesha kifaa, programu huria ambayo yeyote aweza kuifungua na kuirekebisha, akaitengeneza. Tatizo, kila programu iliposasishwa, rekebisho lake lilifutika naye akalirudisha upya. Akishaondoka, nani angelirudisha? Ilibidi wenye mradi wa programu hiyo walipokee, liwe la watu wote.

Mradi ule ulipokea viraka, ndivyo wanavyoyaita marekebisho hayo, kwa barua pepe tu. Walburga akaambatisha faili, akatuma. Msimamizi wa mradi, mtu wa mbali asiyemfahamu, akajibu kwa ufupi: kiraka kiandikwe ndani ya barua yenyewe, maandishi matupu. Akanakili, akabandika, akatuma tena. Jibu likaja: "Kimeharibika njiani. Mistari imekatika, nafasi tupu za mwanzo wa mistari zimepotea. Hakitumiki."

"Baba, wamekikataa kwa sababu ya nafasi!"

"Nafasi hizo zina kazi au hazina?"

"Zina kazi. Kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi."

"Basi hawajakuonea. Hebu nione ulichowaeleza."

Mzee akaweka vidole kwenye ubao, akasoma taratibu mpaka mwisho. "Umeandika ulichobadilisha," akasema. "Hujaandika nani anaumia usipobadilisha."

Walburga akatoka nje, akazunguka uani, akarudi, akaandika: kompyuta ikiamka, msomaji asiyeona huachwa na ubao mfu, asijue kama kosa ni lake. Safari hii hakupitia ukurasa wa kawaida wa barua pepe, ule unaokata mistari. Aliandaa programu inayotuma viraka jinsi vilivyo. Akajitumia kiraka mwenyewe kwanza, akakijaribu kwenye nakala safi ya programu ya kifaa. Kikaingia bila kipingamizi. Ndipo akakituma kwa wenye mradi.

Kimya. Umeme ukakatika; akaenda kwa miguu mpaka mtaa wa Msamala kutafuta mahali pa kuchaji simu, akasimama pale akiifungua na kuifunga. Nyumbani begi lilikuwa wazi, nguo nusu ndani nusu nje.

"We mtoto," shangazi Notburga akamwambia, "utachimba njia hapo uani."

Jibu lilikuja siku moja kabla ya safari: "Maelezo mazuri. Kimepokelewa. Kitatoka na toleo lijalo." Walburga akapiga kelele, shangazi akakimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Toleo lijalo ni lini?" Mzee akauliza.

Hakuna aliyesema lini. "Baba, usikubali kusasisha mpaka nikuambie," Walburga akamsihi, na kesho yake akapanda basi bila kutulia moyo.

Huko Mbeya, kila asubuhi kabla ya chai alichungulia ukurasa wa mradi. Mvua zilikuwa zimeshaanza toleo lilipotoka. Akapiga simu nyumbani papo hapo.

"Shikamoo baba. Sasisha sasa."

"Marahaba. Subiri." Vibonye vikasikika, kisha mkwaruzo wa kiti. "Tayari."

"Ilaze. Sasa iamshe."

Alingoja, kucha mdomoni. Ndipo sauti ya baba ikaja polepole, ikisoma somo la Jumapili neno kwa neno, bila kukwama.

"Kinasoma, mwanangu," Mzee akasema. Kisha akakohoa. "Lakini hii ng' ya ng'ombe kinaiandika ovyo. Inanikera siku nyingi, nilikuwa nangoja tatizo lile liishe kwanza."

Walburga alikuwa ameshaifungua kompyuta.