Feri ya Kariobangi

Masika yale yalinuka maji ya mtaro na chuma kilichochomelewa. Kati ya karakana za jua kali za Kariobangi na ghorofa zetu, barabara ilibonyea na kujaa maji hadi magotini, na aliyetaka kuvuka na viatu vikavu alipanda mkokoteni tuliouita feri. Onyango, mchomeleaji, aliuunda abebee vyuma. Mvua ilipozidi akaanza kubeba watu. Mgongo ulipomsumbua alimuuzia Kamau, muuza viazi, aliyeupaka rangi ya buluu na kuupigilia benchi. Kamau naye alichoka kulowa, akamuuzia Wafula, jirani yetu aliyekuwa ameachishwa kibarua kiwandani. Mchagua jembe si mkulima. Wafula alisukuma kutwa nzima, mkewe Nekesa akiwa mja mzito.

Asubuhi moja Nekesa alishikwa na uchungu chumbani mwao, upande wetu. Mama yake, mkunga, alifika ng'ambo ya maji akasimama. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibichi, hakuweza kutembea majini. Na kwao Bungoma, mama na mume wa binti yake hawakaribiani, hawashikani hata mikono. Kamau akajitolea kusukuma.

"Hata ukisukuma wewe, hicho ni kiti cha mkwe wangu," mama alisema, akiutazama ukuta wa karakana asimwone Wafula. "Sikalii."

"Wafula! Mathe aogelee ama?" vijana wa karakana wakapaza sauti.

Kutoka chumbani tulimsikia Nekesa akilia. Wafula akauachia mkokoteni.

"Kamau, chukua. Ni wako tena. Nyote mmesikia?"

"Tumesikia!"

Mama akapanda. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alikuwa amezaliwa.

Kesho yake Kamau alibeba abiria kama mwenye mali. Wafula alikuja, akatazama, akaondoka. Tulingojea ugomvi, haukutokea. Kuudai mkokoteni kungekuwa kutangaza kwamba mama mkwe alikuwa amekalia kiti chake. Heshima si utumwa, wasemavyo, ila Wafula alirudi kwenye malango ya viwanda kungojea vibarua, na mvua zilipokatika Kamau akawauzia wachuuzi wa maji mkokoteni ule.

Siku hizi pale pana kalvati na lami, na nimeona wakwe wakiwashika mama wakwe mikono kushuka garini, pasipo mtu kugeuka. Majuzi nilimuuliza Wafula, sasa mwenye mvi, kwa nini hakuudai.

"Ningedai vipi mkokoteni wa Kamau?" akanijibu, wala hakutania.