Mheshimiwa Anaandika

Usiku ule nilimkuta mama mkwe wangu, Felista, amesimama kwenye kizimba cha mashahidi, mdomo wazi, neno limekwama katikati. Nyuma yake nyumba yetu inawaka. Mume wangu Renatusi yumo ndani, namsikia anagonga mlango, na mlango umefungwa kwa nje. Mama anajua nani kaufunga. Anataka kumtaja. Karani ananyanyua mkono.

"Ngoja, mama. Mheshimiwa anaandika."

Mama alishakufa, nilimwosha mwenyewe. Na nyumba iliungulia kijijini, si mahakamani. Mimi nilitokea dirishani, Renatusi hakutoka; vidole vyangu havinyooki mpaka leo. Lakini lile neno la karani ni la kweli kabisa.

Siku Mama alipotoa ushahidi, Jaji Mbelwa alikuwa anaandika kila kitu kwa mkono wake. Shahidi akisema kidogo, anasimamishwa. Mama akasema alitoka chooni akamwona mtu anakaza kamba kwenye komeo la mlango wetu. "Ngoja, mama." Akangoja. Jaji alipomaliza kuandika akatazama saa, akasema tutaendelea siku nyingine.

Siku hiyo haikuja. Jaji alipandishwa cheo akaenda mahakama ya rufani. Redioni wakamsifu, alivyoanza hakimu mdogo wa wilaya akapanda mpaka huko juu. Akaja jaji mwingine, na wakili wa mshtakiwa, Faustini Kagoma, akataka mashahidi waanze upya. Mama alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwa ndani ya moto, sikumwona mtu. Aliyoyasema Mama polisi hayakutosha, eti mpaka asimame mwenyewe mbele ya jaji. Faustini akatoka huru. Ni binamu yake Renatusi huyo, alilitaka shamba letu la bondeni, na sasa analilima. Tukikutana mnadani ananiamkia vizuri tu. "Habari za nyumbani, shemeji?"

Nyumbani.

Basi, usiku ule ndotoni, namsogelea Mama. Mahakama imekuwa uwanja wetu, majivu yananifika vifundoni. Jaji yuko juu ya kiti, na kila akifunua ukurasa kiti kinapanda, mpaka naona soli za viatu vyake tu. Kalamu naisikia inakwaruza.

"Mama, bado umesimama?"

"Si waliniambia ningoje. Miguu imeshaoza, mwanangu, na huyu mzee hajafika kwenye nukta."

Nacheka. Naye anacheka, kile kicheko chake cha puani. Kisha mlango unagongwa tena, na uso wake unabadilika.

"Keti, mama."

"Nitaketi vipi nina jina la mtu mdomoni? Lipokee."

Ananishika taya kama mtoto anayelishwa uji. Kitu cha moto kinaingia ulimini mwangu. Mama anakaa chini, taratibu, kwenye majivu, na kugonga kunakoma.

Nikaamka. Kumekucha, jirani anafagia. Nikatoka uani nikasema kwa sauti: Faustini Kagoma ndiye aliyefunga mlango. Jirani akaacha kufagia.

Na wewe, Jaji Mbelwa, uliyestaafu kwa heshima. Mama ameketi. Aliyesimama sasa ni mimi. Yeye alikungoja wewe mpaka kaburini. Nijibu: siku ile ulikuwa unawahi wapi, hata ukashindwa kumngoja kwa jina moja?