Kahawa ya Watazamaji wa Rugera

Ukitaka kukusanya watu Karagwe miaka ile ya hamsini, hukuhitaji kupiga ngoma. Ilitosha Yustus Rwezaura asimamishe sanduku lake la picha kwenye miguu yake mitatu, ajifunike kitambaa cheusi, na ainamishe kichwa. Aliyekuwa analima aliacha jembe. Aliyekuwa amejitwika ndizi alizitua, na aliyekuwa mgonjwa wa mgongo tangu Pasaka alipona ghafla akaja mbio. Wote walisimama hapo hapo, wamebanana, kila mmoja akitaka kuona kuna nini ndani ya lile sanduku.

Yustus alikuwa mtu wa Bukoba, fundi hodari, lakini mwepesi wa hasira. Alikuwa akichomoa kichwa chini ya kitambaa na kufoka, "Ondokeni! Kwani hapa inagawiwa chumvi?" Watu walicheka, wakasogea karibu zaidi wasije wakakosa tusi linalofuata. Matokeo yake yalikuwa yale yale kila siku: bwana harusi ametokea vizuri, bibi harusi amezibwa na tenga la kuku la mtu asiyejulikana. Na kama si tenga, basi vivuli. Jioni, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, vivuli vya watazamaji vilijilaza mpaka usoni mwa wanaopigwa picha.

Aliyemwokoa ni mkewe, Kokuhirwa, ambaye yeye alimwita Mama Gosbert kwa jina la mtoto wao, binti wa wakulima wa Igurwa, mwanamke mfupi, mpole, asiyekuwa na haraka hata mvua ikimnyeshea. Siku moja kwenye harusi ya kwao Igurwa, Yustus akiwa amefoka mpaka sauti imekauka, Kokuhirwa alitoa kikapu chake cha ukindu chenye kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, ambayo nyumba yoyote ya kule haikosi kwa ajili ya mgeni. Akamwendea Protase, mrefu kuliko wote na mbishi kuliko wote. Akapiga goti, akamnyoshea kikapu kwa mikono miwili. "Karibu kahawa, Ta Protase," akasema, akimpa lile "Ta" la heshima kama mzee.

Sasa Protase angefanya nini? Mtu akikukaribisha kahawa kwa heshima namna ile, huipokei umesimama kama unayepita njia. Protase akakaa chini. Jirani yake akakaa. Kikapu kikazunguka, na umati mzima ukashuka kwenye nyasi, ukaanza kutafuna kwa utulivu, vivuli vyote vikiwa vimefupika. Yustus, chini ya kitambaa chake, alisikia kimya akadhani watu wamekwenda nyumbani.

Tangu siku hiyo Kokuhirwa hakuachwa nyuma. Mume alibeba sanduku, mke alibeba kikapu, na wakazunguka vijiji vyote kutoka kiduka chao cha Kayanga. Sharti lilikuwa moja tu: anayepigwa picha asipewe kahawa. Sanduku lile lilikuwa la kizamani. Yustus alifungua kifuniko cha jicho lake kwa mkono, akavuta pumzi, ndipo akakifunga, na chochote kilichocheza wakati huo kilitoka kama moshi. Karani mmoja aliyetafuna kwa siri alitokea na macho, pua, na mahali pa mdomo wingu. Alikataa katakata kwamba yule ni yeye.

Ndipo siku moja ya masika Ma Kokwijuka akaja dukani kwa miguu kutoka Rugera. Mumewe, Ta Rweyemamu, kifua kilikuwa kinammaliza. Mtoto wao pekee, Anatolia, alikuwa sista upande wa Bukoba, na wakati ule sista hakurudi nyumbani ovyo, hata kwa ugonjwa wa baba. Zamani, kabla ya siku za kikapu, Yustus aliwahi kuwapiga picha wazee hao, na nusu ya Rugera ikaingia pichani.

"Mwanangu alituma padri aniulize, baba yuko wapi humu?" alisema Ma Kokwijuka. "Nikashindwa kumjibu. Hata mimi sikumwona. Safari hii nataka amwone baba yake. Sidhani kama kutakuwa na safari nyingine."

Yustus alibakiwa na kioo kimoja cha kunasia picha. Vingine vilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa limezama kwenye matope mahali fulani njiani. Alikifunga kioo kile katika blanketi kama mtoto mchanga, wakaondoka.

Walipofika Rugera walikuta uwanja umejaa. Hawakuja kwa ajili ya picha, au tuseme hawakuja kwa ajili ya picha peke yake. Walikuja kumwona mgonjwa, na hakuna anayefukuza watu kwenye nyumba ya mgonjwa, maana ni kama unaombea kwamba wakija tena waje kuzika. Yustus alifungua kinywa. Kokuhirwa akamfinya mkono, na kinywa kikafungwa.

Ta Rweyemamu alitolewa nje amevaa kanzu na koti, akaketishwa kwenye kigoda mbele ya migomba, mkewe kando yake. Alikuwa amekonda, uso wake umefifia, macho yakitazama chini. Jua lilikuwa limeinama, wingu zito linakuja. Kokuhirwa akatoa kikapu, akaanza na Protase, kwa sababu Protase naye alikuwepo. Hakukosa ugonjwa wala harusi. Protase akapokea, akakaa. Wote wakapokea, wakakaa.

Lakini hakuna aliyetafuna. Walikaa na punje mkononi, wakimtazama mzee.

Ndipo Kokuhirwa akakumbuka. Kwenye harusi, mwenye nyumba alikuwa akikaa na wageni na kutafuna wa kwanza, watu wajue kilichotolewa nyumbani kwake ni salama, na wengine wakafuata. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Leo mwenye nyumba alikuwa kwenye kigoda, mbele ya sanduku, na Kokuhirwa hakuwa amelifikiria hilo.

Ta Rweyemamu alinyosha mkono. "Lete, mwanangu."

"Ta, shikamoo tena, nakuomba sana," Yustus alisema, jasho likimtoka. "Tupige picha kwanza. Kahawa utakula baadaye."

"Wageni wangu wakae na kahawa mkononi? Nyumbani kwangu?"

Kokuhirwa alipiga goti, akampa. Angemnyimaje? Mzee akaweka punje mdomoni, akaanza kutafuna polepole kwa meno machache aliyobaki nayo, na uwanja mzima ukatafuna naye. Hapo uso wake ukabadilika. Aliinua macho akawatazama watu wake mmoja mmoja, akamwuliza Protase kama ng'ombe amezaa, akamtania jirani yake Placida kwamba amenenepa. Alikuwa mwenye nyumba tena.

"Ateme basi," Yustus alinong'ona. "Jua linaondoka."

"Atatemaje mbele ya wageni?"

"Nitasubiri amalize."

Ndipo mzee akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, na kilipopita Ma Kokwijuka alimtazama Kokuhirwa, akatikisa kichwa. Ilikuwa wazi kwamba kesho mzee hataweza kukaa hapa. Mzee akapangusa macho, akatabasamu kwa wageni, akaendelea kutafuna. Wingu lilikuwa limegusa jua.

"Piga," Kokuhirwa alisema.

"Mama Gosbert, mdomo utapotea!"

"Piga, Yustus!"

Kokuhirwa hakuwa amewahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu. Yustus alishtuka, akafungua kifuniko, akavuta pumzi, akafunga. Matone ya kwanza yakaanguka.

Picha ilitoka safi. Ma Kokwijuka alionekana mpaka mikunjo ya kitambaa chake, koti la mzee lilionekana vifungo, macho yake yalionekana. Mdomo ulikuwa moshi. Yustus alitaka kukivunja kioo. Kokuhirwa alimnyang'anya, akasafisha picha moja kwenye karatasi, akaikausha, akampa padri aliyekuwa anakwenda Bukoba. Ta Rweyemamu alizikwa kabla ya masika kwisha. Kwa muda mrefu baadaye Kokuhirwa alikuwa akiamka na ule mdomo mbele ya macho yake, akijiambia kwamba amemharibia mtoto wa watu baba yake.

Mwaka uliofuata sista mmoja, aliyepewa ruhusa ya kwenda kwao, aliingia dukani. Yustus alipomtambua alijifanya anatafuta kitu chini ya meza, na akakitafuta sana. Kokuhirwa alibaki peke yake mbele ya Anatolia. Hata salamu hakusubiri iishe.

"Nisamehe, Sista. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyempa kahawa."

Anatolia alitoa picha ndani ya kitabu chake cha sala, kingo zake zimelainika kwa kushikwa. "Mama, masista wenzangu wana picha za baba zao. Wote wamekaza midomo kama wanaogopa. Mimi nikiitazama hii namwona anatafuna. Mpaka leo anatafuna." Akamsogezea Kokuhirwa picha. "Nilikuja kuuliza jambo moja. Humu anafurahi. Anamtazama nani?"

Kokuhirwa aliinuka. Alichukua kikapu, wakatembea pamoja mpaka Rugera. Ma Kokwijuka alimkumbatia bintiye, akalia, kisha akatoa kigoda nje, akakiweka mbele ya migomba kama siku ile.

"Alikuwa pale," Kokuhirwa alisema. "Na watu walikuwa hapa, kwenye nyasi. Protase hapa. Placida hapa, na mtoto wake. Hao ndio aliokuwa anawatazama. Tulikuwa tunahangaika wasiingie kwenye picha."

Anatolia alitazama nyasi, akatazama kigoda. Kisha, na joho lake jeupe, akakaa chini mahali alipokaa Protase, akiwa ameelekea kigoda. Akanyosha mikono yake miwili.

Kokuhirwa akapiga goti, akamkaribisha kahawa.